Miungu ya Roma na Wenzi Wao wa Kiyunani

Imezoeleka kusemwa ya kwamba Warumi, walipokwisha kuishinda nchi ya Wayunani kwa silaha, waliitwaa na miungu yake, wakaibadili majina na kuifanya yao: Zeus akawa Jupiter, Hera akawa Juno, Ares akawa Mars. Kauli hii ni nyepesi, na tarehe yaikanusha. Kwani mapokeo ya Warumi wenyewe yasema kwamba Jupiter, Juno na Minerva waliwekewa hekalu juu ya kilima cha Capitolium mwaka wa 509 K.K., ilhali mji wa Korintho haukuanguka mbele ya majeshi ya Roma ila mwaka wa 146 K.K. Miungu hiyo ilikuwa na makuhani wake, sikukuu zake na dhabihu zake zamani, wala haikungoja mgeni aje kuipa kazi.

Walakini wageni walikuwapo tangu awali, maana miji ya Wayunani ilitapakaa katika pwani za Italia ya kusini na Sicilia, na bidhaa zilipopanda kwenda Roma hadithi zilifuatana nazo. Katika uwanja wa kale wa Roma, mahali pa ibada ya Vulcanus, mwenye moto, vimechimbuliwa vigae vya chombo kilichofinyangwa Athens katika karne ya 6 K.K., kilichochorwa Hephaestus, mhunzi wa miungu, amepanda punda; yamkini aliyekiweka pale alikwisha kuwaona wawili hao kuwa mmoja. Apollo, kwa kuwa hakuwa na mfano wake mjini, aliingia kwa jina lake mwenyewe, akajengewa hekalu mwaka wa 431 K.K. baada ya tauni. Ceres, mwenye nafaka, alihudumiwa kwa ada za Kiyunani na makuhani wa kike walioletwa kutoka Napoli na Velia. Na Warumi, ambao katika mambo ya ibada walikuwa na tahadhari ya makadhi, waliwapa wanawake hao uraia, ili dua ya raia iombwe na raia.

Lakini ulinganishi huo ulidhihirishwa mbele ya umma wote katika saa ya msiba. Mwaka wa 217 K.K. Hannibal, jemadari wa Karthago, aliwavizia Warumi katika ukungu wa ziwa Trasimene, akaua yapata watu 15,000, pamoja na konsuli Flaminius. Na Fabius Maximus, aliyekabidhiwa udikteta, alinena mbele ya baraza la wazee kwamba marehemu alikosa zaidi kwa kupuuza ibada kuliko kwa pupa yake vitani. Vikafunguliwa vitabu vya unabii vya Sibylla, vilivyoandikwa kwa mashairi ya Kiyunani, na amri ikatoka miungu ifanyiwe karamu ya siku tatu, imewekewa makochi sita, wawili wawili: Jupiter na Juno, Neptunus na Minerva, Mars na Venus, Apollo na Diana, Vulcanus na Vesta, Mercurius na Ceres.

Atazamaye jozi hizo kwa makini ataona zimepangwa na mtu aliyezijua ngano za Wayunani. Neptunus na Minerva wana jambo gani baina yao, ila kwamba Poseidon na Athena waligombea mji wa Athens? Na Mars alikuwa na mwenziwe, Nerio, aliyetajwa katika dua za kale za Kirumi, kama Maia alivyotajwa pamoja na Vulcanus. Hao wakaachwa, Mars akaketishwa karibu na Venus kwa sababu Ares alimpenda Aphrodite. Nerio masikini hakubakia ila katika vitabu vya wanazuoni.

Hata hivyo Mars hakugeuka kuwa Ares. Huyu wa Kiyunani ni mpenda damu, achukizaye hata babaye. Yule wa Kirumi ni baba wa Romulus, mwenye taadhima ya pili baada ya Jupiter, na mkulima katika kitabu cha Cato cha kilimo humwomba ayalinde mashamba, mizabibu, mifugo na watu wa nyumbani, akimtolea nguruwe, kondoo na ng'ombe. Nasi tuandikapo Machi katika barua zetu twamtaja yeye, si Ares. Januari nayo ni ya Janus, bwana wa milango mwenye nyuso mbili, ambaye Wayunani hawakuwa na mfano wake kabisa, hata mshairi Ovidius akaona ajabu.

Desturi hii ya kulinganisha Warumi waliichukua kila walikokwenda. Kaisari aliwaandika Wagalia kuwa wamwabudu zaidi Mercurius, asituambie wao wenyewe walimwitaje. Uingereza, kwenye chemchemi ya maji moto ya Bath, mambo yalikwenda kwa insafu zaidi, kwani mwenyeji Sulis hakufutwa, aliunganishwa na mgeni wakaitwa Sulis Minerva; na watu walioibiwa nguo walipokuwa wakioga walimwandikia juu ya vipande vya risasi, wakavitosa majini, wamtake amwadhibu mwizi, awe mwanamume ama mwanamke, mtumwa ama muungwana.