Kula Kiapo: Sumu ya Calabar Ilivyofika Greenwich



Tunasema mtu "amekula kiapo", tukisahau kuwa zamani kiapo kililiwa kweli. Mshtakiwa alipewa sumu. Akinusurika, hana hatia. Pande za Ziwa Nyasa waliita mwavi. Kule Calabar, katika Nigeria ya leo, Waefik walitumia maharage ya mmea wa porini: ukitapika umepona, ukifa basi ulikuwa mchawi.

Maharage hayo yakafikishwa Uskoti. Mwaka 1855 Profesa Robert Christison wa Edinburgh aliyala mwenyewe, nusura yamuue. Mwaka 1864 Wajerumani wawili wakatoa kiini chake, fizostigmini.

Sasa twende Greenwich. Mwaka 1934, katika hospitali ya mafukara ya St Alfege's, Dk. Mary Walker alikuwa na mgonjwa wa miastenia gravisi: kope zinaanguka, kumeza ni taabu. Daktari Denny-Brown alimwambia hali ile inafanana na sumu ya kurare. Walker akawaza: kinachozima kurare ni fizostigmini, kwa nini nisijaribu? Akamdunga mama yule. Kope zikainuka, akameza, japo kwa saa chache tu.

Inakuwaje? Mshipa wa fahamu humwaga asetilikolini, nayo huingia kwenye vipokezi vya msuli kama ufunguo kwenye kufuli, msuli ukakaza. Halafu kimeng'enya huifagia. Kurare huziba kufuli. Katika miastenia, kinga ya mwili huzishambulia kufuli zenyewe. Fizostigmini humzuia mfagiaji, ufunguo ukabaki kazini. Ikizidi, kifua hujaa majimaji na pumzi hukata. Ndiyo iliyowaua wala kiapo.

Mwaka 1935 Walker alitumia neostigmini, ndugu yake ya maabara. Mpaka leo wanaougua miastenia hutibiwa kwa dawa za ukoo huo, na baada ya upasuaji neostigmini humrudishia mgonjwa nguvu za kupumua.

Mwaka 1936 Henry Dale wa hapa London na Otto Loewi walipewa Nobel kwa kazi yao juu ya asetilikolini. Walker alibaki daktari wa mafukara. Nao Waefik waliijua sumu ile vizazi na vizazi.

Sisemi kiapo kilikuwa haki; kiliua wengi wasio na kosa. Nasema tu: tukiambiwa tiba yote ilitoka Ulaya, tuulize maharage yalitoka wapi.