Anwani ya Barua Iendayo Ng'ambo

Zamani za majahazi, barua itokayo Unguja kwenda Maskati alikabidhiwa nahodha au msafiri mwenye kuaminika, na mwandishi akaona inatosha kutaja juu yake jina la mwandikiwa, nasaba yake na heshima zake, kwa kuwa mchukuzi ama aliijua nyumba, ama alimjua wa kumwuliza pale forodhani.

Posta ziliposhika kazi hiyo, barua ikawa yapita mikononi mwa watu wasiomjua mwandishi wala mwandikiwa, tena kila dola ilikuwa na mapatano yake na jirani zake, hata waraka mmoja uliokatiza nchi tatu ukatozwa ada mbalimbali kwa kadiri ya uzito na njia. Mwaka 1863, kwa shauri la Montgomery Blair, mkuu wa posta wa Marekani, wajumbe wa nchi 15 walikutana Paris kulitazama jambo hilo. Lakini aliyelifikisha ukingoni ni Heinrich von Stephan wa Ujerumani, na tarehe 9 Oktoba 1874 nchi 22 zikatia saini mjini Berne, Uswisi, mkataba uliozifanya zote kuwa eneo moja la posta. India iliingia mwaka 1876, na posta ya Unguja wakati huo iliendeshwa na serikali ya India, kwa stempu za India, hadi mwaka 1895.

Kwa mapatano hayo ndipo kanuni za anwani zilipopata maana yake. Karani wa Dar es Salaam apangaye barua za ng'ambo hana haja ya kujua mtaa wala nambari ya nyumba. Atazamacho ni mstari wa mwisho, palipo jina la nchi, nalo yapasa liandikwe kwa herufi kubwa, katika lugha aijuayo yeye. Mistari ya juu, yaani jina, nyumba au sanduku la posta, mtaa, mji na nambari ya posta, ni ya mwenzake wa kule iendako, na kwa hiyo hufuata desturi ya kule.

Wengi hudhani mji mashuhuri haukosi kujulikana. Lakini Tripoli iko Libya na iko Lebanon. London iko Uingereza, na nyingine iko Ontario, Kanada. Na aandikaye "Kongo" pasipo kubainisha ni ya Kinshasa au ya Brazzaville amemwachia karani kazi ya kupiga ramli. Huo ni uzembe usio na udhuru, maana barua yaweza kuwa na habari ya msiba au hati ya mirathi.

Basi, ndugu msomaji, inakili anwani kama mwenyewe alivyokuandikia, usiifasiri wala kuifupisha. Taja nchi chini kabisa. Na usisahau kuandika anwani yako nyuma ya bahasha, ili barua ikikosa mwenyewe ipate kurudi kwako.