Adui Aliyepewa Nchi

Toleo la 258 la Fantastic Four, jarida la katuni la kampuni ya Marvel, lenye tarehe ya Septemba 1983 kwenye jalada lake, liliuzwa nchini Marekani kwa senti 60 kama matoleo yaliyolitangulia, lakini mashujaa wanne waliolipa jarida hilo jina hawakuwa na kazi yoyote ndani yake. Hadithi yote ni ya adui yao, Doctor Doom, mtawala mwenye kofia ya chuma na joho la kijani. Tunamfuata kwa siku moja katika nchi yake ya Latveria: anakagua mitambo yake, anazungumza na mtoto yatima aitwaye Kristoff anayemlea, anaiadhibu roboti iliyotengenezwa kwa sura yake, na anamrudishia nguvu za kutisha mtu aitwaye Terrax ili amtumie kama silaha. Aliyeandika, akachora na kupaka wino ni mtu mmoja, John Byrne, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Kanada na aliyelishika jarida hilo tangu toleo la 232 la mwaka 1981. Kwa msomaji wa katuni za mashujaa, toleo hili ni jambo la kushangaza: stelingi hayupo, na hakuna anayemtafuta. Biashara ambayo kwa karibu miaka 30 ilikuwa imejifunga kwa kanuni kwamba mwovu lazima ashindwe ilifikaje hapo? Jibu ninaloliamini halianzii kwa Byrne. Linaanzia mwaka 1964, pale Doom alipopewa nchi.

Kabla ya kufika huko ni lazima tushughulikie jibu lililo rahisi zaidi, kwamba kanuni zililegea. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichowatuhumu wachapishaji wa katuni kwamba wanawaharibu watoto, na mwaka huohuo kamati ndogo ya Baraza la Seneti la Marekani ikafanya vikao mjini New York kuhusu suala hilo. Wachapishaji waliogopa sheria ya serikali, wakaunda chombo chao cha kujidhibiti na kutunga kanuni zao wenyewe. Kati ya masharti ya kanuni hizo, uhalifu haukuruhusiwa kuonyeshwa kwa namna ya kumfanya msomaji amhurumie mhalifu, na wema ulitakiwa kushinda uovu kila mara. Jarida lisilokuwa na muhuri wa kanuni hizo jaladani lilikuwa na shida kubwa ya kupata muuzaji. Masharti yalilegezwa mwaka 1971, na ni kweli kwamba bila hatua hiyo mengi yasingewezekana. Lakini tazama kilichotokea mwaka 1975, kampuni ya DC ilipompa adui maarufu wa Batman jarida lake mwenyewe, The Joker, likiandikwa na Dennis O'Neil pamoja na wengine na kuchorwa hasa na Irv Novick. Watu hawa hawakuwa wachanga katika kazi hiyo. O'Neil ndiye aliyekuwa amemrudishia Joker ukali wake miaka miwili tu kabla. Hata hivyo jarida lilikufa baada ya matoleo 9. Kila hadithi ilipaswa kumwacha Joker amekamatwa au ameshindwa, na toleo lililofuata lilianza upya na hila nyingine ya kuelekea kushindwa kulekule. Kanuni zilikuwa zimelegea, lakini adui huyu hakuwa na chochote cha kufanya isipokuwa uhalifu. Na tukumbuke kwamba toleo la 258 nalo lilitoka wakati muhuri ule bado unatumika.

Doom alipotokea kwa mara ya kwanza, katika toleo la 5 la Fantastic Four la mwaka 1962, alikuwa katika hali hiyohiyo ya Joker. Watunzi wake, mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby, walimpa kinyago, ngome, mtambo wa kusafiri katika wakati na roboti inayomwakilisha, kisha wakamtuma awalazimishe mashujaa kurudi karne zilizopita kumletea hazina ya haramia Blackbeard. Ni hadithi ya kusisimua, lakini adui wake angeweza kubadilishwa na mwingine yeyote mwenye mashine nzuri. Mabadiliko yalikuja mwaka 1964 katika toleo maalumu la pili la kila mwaka la Fantastic Four, ambako Lee na Kirby walitenga kurasa 12 kueleza asili yake. Huko tunaikuta Latveria, kijinchi cha kubuni katika Ulaya ya mashariki, na ndani yake kijana Victor, mtoto wa jamii ya Waromani wanaosafiri na magari yao ya farasi. Baba yake, Werner, ni mganga anayeitwa kumtibu mke wa mtawala; mgonjwa anafariki, na mganga anakimbia na mwanawe mdogo kwenye baridi inayomuua. Mama, Cynthia, alikuwa amefariki mapema. Yatima huyu anakua na hasira na akili nyingi, anapelekwa kusoma Marekani, mtambo aliouunda kinyume cha ushauri unamlipukia, anafukuzwa chuoni, na mwisho anarudi kutawala nchi iliyomuua baba yake. Katika toleo hilohilo Latveria ina ubalozi mjini New York. Adui amekuwa mkuu wa nchi.

Nasisitiza jambo hili la nchi kuliko la utoto wa huzuni, ingawa wachambuzi wengi husifu la pili. Huzuni inamfanya msomaji amwelewe mwovu, lakini haiwezi peke yake kujaza toleo zima. Ukishaisimulia mara moja imekwisha, na mwandishi anabaki kuirudia. Nchi haiishi namna hiyo. Adui asiye na makazi yupo tu pale anaposhambulia, kwa hiyo hadithi yake inamhitaji shujaa afike ili kitu kitokee. Mtawala ana raia, ana watumishi wanaomwogopa, ana wapinzani wanaokula njama, ana mrithi wa kumfundisha, ana sifa yake ya kulinda. Migogoro yote hiyo inamkuta alipo, shujaa akiwepo asiwepo. Mfano bora umo ndani ya toleo la 258 lenyewe. Miaka miwili nyuma, katika Uncanny X-Men iliyoandikwa na Chris Claremont na kuchorwa na Dave Cockrum, muuaji wa kukodiwa aitwaye Arcade aliwasha kiberiti kwa kukikwaruza kwenye vazi la chuma la Doom, na Doom akavumilia. Byrne hakuamini kwamba mtu mwenye majivuno kama yale angevumilia, kwa hiyo akatunga tukio ambalo Doom anagundua kuwa aliyekwaruzwa alikuwa roboti wake, na roboti huyo anaangamizwa kwa kosa la kuruhusu fedheha. Ni ugomvi wa waandishi wawili kuhusu tabia ya mhusika, na wasomaji wengi huutaja kama utani wa ndani wa kampuni. Mimi naona kitu kizito zaidi. Tukio hilo lina maana kwa sababu Doom ana hadhi ya kiti cha utawala, na hadhi hiyo inaweza kuvunjwa na njiti moja ya kiberiti. Jambazi asiye na kiti asingekuwa na cha kupoteza.

Kuna pingamizi moja linalogusa kiini cha hoja hii, nalo linastahili kujibiwa kwa ushahidi. Kama nchi inatosha kumfanya adui abebe hadithi, mbona Doom aliwahi kujaribiwa na akashindwa? Mwaka 1969 alipewa toleo zima la Marvel Super-Heroes, namba 20, na kuanzia Agosti 1970 akapewa nusu ya jarida la Astonishing Tales, nusu nyingine ikiwa ya mhusika mwingine, Ka-Zar. Sehemu yake ilidumu kwa matoleo 8 tu. Latveria ilikuwemo tangu ukurasa wa kwanza: mwanamfalme Rudolfo anaongoza uasi, adui mwingine, Red Skull, anaivamia nchi Doom akiwa hayupo, na baadaye Doom anakwenda Wakanda, ufalme wa Kiafrika ambao Lee na Kirby walikuwa wameubuni mwaka 1966, kutafuta madini ya vibranium. Wa kwanza kuichora sehemu hiyo ya Doom alikuwa Wally Wood, mmoja wa mafundi wakubwa wa hadithi za kisayansi waliojijengea jina katika kampuni ya EC kabla kanuni za 1954 hazijaivunja biashara ya kampuni hiyo. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo na nchi ilikuwepo.

Kilichokosekana ni nafasi na mkono mmoja. Kila hadithi ilibanwa kwenye takriban kurasa 10, na ndani ya matoleo 8 mwandishi wa kwanza, Roy Thomas, aliwaachia uandishi Larry Lieber kisha Gerry Conway, huku uchoraji ukitoka kwa Wood kwenda kwa George Tuska kisha Gene Colan. Kila aliyeingia alihitaji vita vya kuonyesha, na kurasa 10 za vita haziachi mahali pa kuionyesha nchi ikiishi. Tazama hadithi ya mwisho, ya Conway na Colan katika namba 8, ambamo Doom anapigana kila mwaka, usiku mmoja, kuikomboa roho ya mama yake kutoka kwa shetani, na kila mwaka anashindwa. Hakuna shujaa, hakuna uvamizi. Ni hadithi bora kuliko zote saba zilizotangulia, na iliibuka pale waandishi walipoacha kumtafutia Doom mtu wa kupigana naye na kumwangalia akiwa nyumbani kwake. Jaribio la 1970 halivunji hoja yangu. Linaonyesha kwamba nchi ni sharti la lazima ingawa si sharti pekee.

Pingamizi la pili linamtetea Byrne: kwamba toleo la 258 ni kazi ya mtu mmoja mwenye kipaji, na kurudi nyuma hadi 1964 ni kumnyima haki yake. Hakuna anayeweza kukataa kipaji hicho. Kuandika, kuchora na kupaka wino jarida la kila mwezi ni mzigo ambao kwa kawaida hugawiwa watu watatu, na umoja wa mkono wake unaonekana katika utulivu wa kurasa, jinsi kofia ya chuma isiyobadilika inavyopata hisia kutokana na pembe ya kichwa na giza la macho. Lakini tuangalie alivyokuwa akifanya kazi. Alilipokea jarida akitangaza waziwazi kwamba anataka kurudi kwenye roho ya Lee na Kirby. Latveria aliyoichora, yenye ngome juu ya kijiji cha mapaa yaliyochongoka, ni ya Kirby, na chini ya utaratibu wa Marvel wa miaka ya sitini, ambapo mchoraji alipewa muhtasari tu na maneno yakaandikwa baada ya picha kukamilika, sehemu kubwa ya ubunifu wa nchi hiyo ilitoka kwenye penseli ya Kirby. Byrne alikuwa mpangaji hodari katika nyumba iliyojengwa na mwingine.

Lipo pia pingamizi la maadili, na hili silichukulii kwa wepesi. Je, kumpa dikteta toleo zima si kumpamba? Katika toleo la 247 la mwaka 1982, Byrne huyohuyo alikuwa amefanya jambo linalonisumbua. Alionyesha kwamba Zorba, aliyewekwa madarakani baada ya Doom kupinduliwa kwa msaada wa mashujaa wenyewe katika toleo la 200, ameiharibu Latveria kiasi kwamba raia wanamtamani mtawala wao wa zamani, na mashujaa wanajikuta upande wa Doom. Hapo mizani imechezewa: mwandishi amembuni mbadala mbaya kupindukia ili udikteta uonekane nafuu. Namlaumu kwa hilo. Ila toleo la 258 halina kosa hilo, na sababu yake ni kutokuwepo kwa mashujaa. Hakuna mtu mwema ndani yake wa kumtetea Doom wala wa kukiri kwamba ana hoja. Tunabaki naye tu, tukitazama upole wake kwa Kristoff na dharau yake kwa kila mwingine, bila sauti ya kutuambia tumhukumu vipi. Mtoto yatima anayelelewa kwenye ngome hiyo anakuzwa awe kama yeye, na hilo linatisha kuliko vita vyovyote. Kuhusu adhabu ambayo kanuni za 1954 ziliitaka, haikufutwa, ilisogezwa mbele. Doom alionekana kuangamia katika toleo la 260, la Novemba 1983, baada ya silaha aliyoiandaa siku ile kugeuka balaa kwa wote. Jarida la kila mwezi lilimruhusu mwandishi kulipa deni kwa awamu, na katikati ya awamu hizo mwovu akapata siku yake.

Kirby aliondoka Marvel mwaka 1970. Miaka ya themanini, wakati Byrne anaichora upya Latveria, Kirby alikuwa akigombana na kampuni hiyo ili arudishiwe kurasa zake za asili, na mwaka 1987 alipata sehemu ndogo tu ya maelfu aliyokuwa amechora. Alifariki mwaka 1994, na warithi wake walifikia makubaliano na Marvel mwezi Septemba 2014. Anayetaka kulisoma toleo la 258 leo asianzie hapo. Aanze na zile kurasa 12 za mwaka 1964, kisha asome hadithi ya Conway na Colan kuhusu roho ya mama, ndipo alifungue la Byrne. Na anapomsifu Byrne, kama anavyostahili kusifiwa, alitaje pia jina la Jack Kirby.