Benson Wanjau: Mkikuyu aliyedumu katika sauti ya Mzee Ojwang

GARSEN, Tana River

Katika mji wa Garsen, zinapokutana barabara za Malindi, Lamu na Garissa, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Wapokomo, Waorma, Wawardei na wageni kutoka bara. Kila mmoja hukizungumza kwa lafudhi aliyoipata kwa mamake. Mwigizaji aliyeifanya lafudhi kuwa kazi ya maisha yake ni marehemu Benson Wanjau, almaarufu Mzee Ojwang.

Kwa miongo kadhaa Wanjau alimwigiza mhusika huyo katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), ambalo hadi mwaka wa 1989 lilijulikana kama Sauti ya Kenya. Kabla ya KTN kuanza matangazo mwaka wa 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga. Jina la Ojwang likapenya hadi kwa watu wasiomiliki runinga.

Ojwang alikuwa mzee wa Kijaluo mwenye suruali pana, mkali wa maneno na mwepesi wa kunaswa katika mtego alioutega mwenyewe. Mkewe katika mchezo huo alikuwa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere.

Siri ya mhusika huyo ilikuwa katika matamshi. Kijaluo hakina sauti "sh". Hivyo "shauri" hugeuka "sauri" kinywani mwa mzee wa kijijini. Wanjau aliyaiga matamshi hayo kwa ustadi hata watazamaji wengi wakaamini kuwa ni Mjaluo. La hasha, alikuwa Mkikuyu.

Jambo hilo lina uzito kuliko kichekesho chenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakikuyu na Wajaluo walijikuta katika pande zilizohasimiana, na zaidi ya watu 1,100 waliuawa kote nchini. Hapa Tana River nako, mapigano ya mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013 baina ya Wapokomo na Waorma yaliangamiza zaidi ya watu 100. Lafudhi, ambayo siku za shari humfichua mtu kwa adui, Wanjau aliitumia kuchekesha bila kudharau. Walioigwa ndio waliompenda mno.

Hata hivyo, umaarufu haukumletea utajiri. Uzeeni macho yalimsumbua, na wananchi ndio waliomchangia fedha za matibabu. Alifariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Jirani Tanzania, mchekeshaji mkongwe Amri Athumani wa Tanga, maarufu Mzee Majuto, naye alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Muhimbili baada ya kuugua, akiombolezwa na taifa zima.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inatambua haki za waigizaji, na kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kulinda haki za ubunifu wa wananchi. Lakini sheria humfaa zaidi msanii mwenye mkataba ulioandikwa vyema. Mchango wa mashabiki ni wema, wala si malipo ya uzeeni.

Wakazi wa Tana River wana sababu yao ya kulitafakari suala hili. Wimbo wa taifa, ulioanza kutumika mwaka wa 1963, umejengwa juu ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto. Wakenya wote huuimba wakiwa wima. Ni wachache wanaojua ulikotoka. Vivyo hivyo, Wakenya wengi walimjua Ojwang, na wachache walimjua Wanjau.