Goodbye Julia na Historia ya Kugawanyika kwa Sudan

Tarehe 9 Julai 2011 bendera ya Sudan Kusini ilipandishwa mjini Juba, baada ya takriban asilimia 99 ya wapiga kura kuchagua kujitenga. Historia rasmi hulieleza tukio hilo kwa vita, mikataba na kura. Filamu ya Goodbye Julia (2023), iliyoongozwa na Msudani Mohamed Kordofani, hulieleza kupitia nyumba moja ya Khartoum.

Hadithi inaanza mwaka 2005, baada ya kifo cha John Garang. Mona, mwanamke wa kaskazini, anamwajiri Julia, mjane wa kusini, huku akimficha kwamba mume wake yeye Mona ndiye aliyemuua mume wa Julia. Hisani yake ni ya kweli, lakini imejengwa juu ya uongo. Hoja ya kihistoria ya filamu imo humo: nchi iligawanyika majumbani kabla ya kugawanyika kwenye ramani.

Kwa Juba, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Desemba 2013, hoja hiyo ni nzito. Mpaka mpya pekee hautoshi; ukweli unaofichwa baina ya majirani huendelea kuzaa utengano.