Shule ya kiangazi, toka Vugiri mpaka Kolandoto



Kama mlidhani nimedisco na kukimbilia kusikojulikana, hapana. Niko TP. Wamenipanga Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, nafundisha Historia na Kiswahili, chaki mpaka kwenye nyusi. Leo Jumamosi ndiyo nimepata pumzi ya kukaa na kuandika.

Kisa chenyewe kimeanza na rumeti wangu. Kanitumia tangazo la shule ya kiangazi ya kimataifa, wiki mbili huko Ulaya, masomo ni uongozi wa vyombo vya habari na biashara ya sanaa na ubunifu. Ada yake ukiigeuza kuwa shilingi inameza boom lote na bado unadaiwa nauli. Chini kaandika: "Hii ndo yako, ngosha." Nikacheka sana. Kilichonichekesha zaidi ni neno kiangazi lenyewe. Huko kwao kiangazi ni kajua ka wiki chache, watu wanakimbilia ufukweni. Hapa kiangazi ni toka Juni mpaka mvua ikikumbuka kurudi, vumbi kwenye chai, vumbi kwenye madaftari, na ng'ombe wanapita barabarani kutafuta maji kama wamechelewa kikao.

Nikalisahau tangazo. Halafu Jumatatu kijana mmoja wa Kidato cha Tatu akanisubiri nje ya ofisi ya walimu. Huyu dogo anachukua video za harusi na ngoma kwa simu ya kaka yake, anazihariri humo humo kwenye simu, anaweka na muziki. Anajua kazi, nimeziona. Akaniuliza, "Sir, hii kazi ina shule?" Nikamwambia nitamjibu Ijumaa. (Mwalimu ukikosa jibu hiyo ndiyo mbinu namba moja, kwenye kozi za ualimu hawaifundishi lakini wote tunaitumia.)

Basi wiki nzima nimekuwa natafuta jibu, na mimi nikitafuta jibu narudi nyuma, ndicho nilichosomea.

Nianzie Vugiri. Najua wengi hamjui hata iko wapi. Iko kwenye milima ya Usambara, upande wa Korogwe. Mwaka 1935 Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walifungua huko kituo cha kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Mradi ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na hela nyingi ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Ukaitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema za kuelimisha Wabantu. Neno "jaribio" liwekeeni alama. Ulidumu mpaka 1937 na ukatoa filamu 35: za minyoo, za kilimo, za kodi, hata hadithi za sungura. Sauti haikuwa kwenye filamu, ilikuwa kwenye sahani za santuri zinazopigwa pembeni, ili picha ile ile iweze kusimuliwa kwa lugha mbalimbali. Halafu wakapakia kila kitu kwenye lori wakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wanaonyesha sinema usiku uwanjani.

Kwa hiyo ukiniuliza shule ya kwanza ya kazi ya video Tanganyika, kwangu ni Vugiri, hata kama haikuitwa shule. Waafrika waliigiza pale na wakafundishwa kazi za mikono za sinema. Mikono tu, lakini. Hadithi zilichaguliwa na wengine, na kilichofaa kuonyeshwa kwa Mwafrika kiliamuliwa na wengine. Moja ya filamu zile ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: usifukie hela yako chini, mwizi ataichimba, ipeleke benki. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Watu wanafundishwa kutunza hela na mradi ambao hela yake wenyewe hawakuwahi kuiona ikihesabiwa! Na serikali za kikoloni zilipotakiwa kuuendeleza kwa fedha zao zikakataa. Mwaka 1937 Notcutt na Latham wakatoa kitabu juu ya jaribio lao, na Vugiri ikafungwa. Wale waliofundishwa hawakuachiwa kampuni wala akaunti. Kamera zikaondoka na wenyewe.

Miaka ya 1950 ikaja kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za Kiswahili hapa kwetu. Mojawapo ni Muhogo Mchungu ya 1952, na nyota wake ni nani? Rashidi Kawawa! Ndiyo, huyo huyo Simba wa Vita, Waziri Mkuu wa mwaka 1962. Niliwaambia Kidato cha Pili, darasa zima likakataa. Mmoja akasema, "Sir, mheshimiwa hawezi kuigiza." Sikutaka kubishana naye.

Baada ya uhuru tulijaribu wenyewe. Kituo cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa na Wakatoliki mwaka 1960, kilikuja kufundisha waandishi wa habari, na hapo ndipo ilipozaliwa SAUT mwaka 1998. Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa 1968. Chuo cha Sanaa Bagamoyo 1981. Sitakaa sana hapa kwa sababu mengine tuliyasoma, na kwa sababu ukitazama kwa makini, nyingi ya hizo zilikuwa mali ya Serikali au ya kanisa. Aliyehitimu alitegemea kuajiriwa na redio au wizara. Habari ya kuuza kazi yake mwenyewe sokoni haikuwa kipaumbele cha zama zile, na siwalaumu, ndivyo nchi ilivyokuwa.

Kinachofanana hasa na tangazo la rumeti wangu kiko Kampala. Mwaka 2004 Mira Nair, yule mwongozaji filamu Mhindi aliyetengeneza Mississippi Masala (1991) ambayo sehemu yake ilipigwa huko huko Kampala, alianzisha Maisha Film Lab. Jina ni Kiswahili chetu kabisa. Mwaka 2005 wakafanya mafunzo ya kwanza: vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wanakaa pamoja na wataalamu wa kimataifa, wanachambua miswada yao mstari kwa mstari, baadaye wanapiga filamu fupi. Na hawatozwi ada. Kijana wa Tanzania alikuwa anaweza kupanda basi akaenda kusoma na watu ambao majina yao yanapita mwishoni mwa filamu za Hollywood. Wazo lenyewe lilikuwa kwamba hadithi zetu tusipozisimulia sisi hakuna atakayezisimulia. Hapa naona mabadiliko makubwa kutoka Vugiri. Vugiri Mwafrika alipewa hadithi ya minyoo aigize, Kampala anaulizwa, hadithi yako wewe ni ipi?

Lakini hapo ndipo swali la dogo linapouma, maana hadithi unayo, na umeipiga vizuri. Nani anaiuza? Nani anajua imeuza ngapi?

Hapa Shinyanga swali hilo lina sura ya mtu. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Akasoma msingi Bugoyi, hapo mjini, sekondari akaanzia Mwadui, ndipo akaenda Dar. Akaingia Kaole, tukawa tunamwona kwenye ITV, halafu filamu: Dar 2 Lagos mwaka 2006, akiwa na Wanigeria, Oprah mwaka 2008, na nyingine nyingi mpaka mabasi yote ya mikoani yakawa yanaonyesha sura yake. Hakupitia Bagamoyo, alijifunza kazini. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, Dar ilisimama. Mimi nilikuwa mtoto lakini nakumbuka mama zetu walivyolia kama wamefiwa nyumbani.

Sasa soko lile alilolijenga yeye na wenzake liliendaje? Mtindo uliozoeleka ulikuwa hivi: unatengeneza filamu, unaikata sehemu ya kwanza na ya pili, unaipeleka Kariakoo kwa msambazaji, anakulipa kwa mkupuo na haki zote zinabaki kwake. Kesho ikiuza nakala elfu moja au laki moja, wewe hujui na huna cha kudai. Chini yake tena kuna wadurufishaji wa mitaani, wanauza filamu kumi kwenye diski moja. Mwaka 2013 Serikali ikaleta stempu za kodi za kubandika kwenye CD na DVD za muziki na filamu, kwamba angalau nakala halali zitahesabika. Lakini muda si mrefu watu wakahamia kwenye simu, na diski zenyewe zikaanza kuwa za kuwekea vikombe.

Kwa hiyo kizazi kizima kilikuwa na vipaji na watazamaji mpaka Kongo, ila wachache sana walijua kusoma mkataba. Watu wa huku mnalijua jambo hili bila filamu. Hapo Mwadui, jirani kabisa na hapa, mwaka 1947 lilichimbwa almasi la waridi la karati 54.5, mwenye mgodi John Williamson akalitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Likakatwa likabaki karati 23.6 na thamani yake ikazidi. Aliyeliokota alijua ni jiwe zuri, ila kulipima, kulikata na kulipangia bei ilikuwa elimu ya watu wengine. Na ndiyo elimu iliyo kwenye lile tangazo nililolicheka. Nikaanza kuona aibu kidogo.

Ila msije mkadhani elimu hiyo inatoka Ulaya tu, maana hata mimi nilikuwa naelekea huko mpaka Jumatano jioni, nilipokwenda kumwamkia mzee jirani. Anaishi peke yake na mjukuu wake, redio haizimwi. Nikamsimulia habari ya shule ya kiangazi. Akaniambia, "Mwalimu, sisi shule yetu ilikuwa ni hiki kiangazi hiki."

Mnajua kwamba Wasukuma wana jumuiya kubwa mbili za ngoma, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanazirudisha kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia ghalani, Juni mpaka Agosti, ngoma zinashindana. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Hakuna jaji wa kuinua kibao cha namba. Watazamaji wanahama kwa miguu yao, na upande wenye watu wengi ndio umeshinda. Ndiyo maana kila upande una mbwembwe zake na dawa zake za mvuto, na wengine wanaleta nyoka. Pale Bujora, Mwanza, Padri David Clement aliyeanzisha kituo cha utamaduni miaka ya 1950 aliziingiza ngoma hizi kwenye sherehe za Ekaristi, ndiyo Bulabo inayojulikana leo.

Haya yote nilikuwa nayajua juu juu. Alichoniongezea mzee ni upande wa nyuma. Alisema mtunzi wao, yule wanayemwita ningi, nyimbo za msimu alizifundisha porini usiku ili wapinzani wasizisikie kabla. Kwamba walikuwa na mtu wa kupeleka habari vijijini wiki nzima kabla ya ngoma, na huyo alichaguliwa kwa mdomo wake. Walikuwa na mtunza michango, na kila njuga na kila ngozi ilijulikana imenunuliwa kwa hela ya nani. "Ukishinda, ng'ombe anagawanywa mbele ya watu wote," alisema. "Asiyeona akigawanywa atasema ameibiwa, na mwakani hachezi." Nikamuuliza yeye alikuwa nani kwenye kundi, mcheza nyoka? Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilikuwa nahesabu."

Sikulala mapema siku hiyo. Kutunza siri ya kazi mpya, kuitangaza, kupima watazamaji, kugawa mapato hadharani, ni mambo gani mengine watafundisha kwenye hizo wiki mbili? Yapo, najua, sheria za hakimiliki, mikataba ya mitandao, ningi hakuwahi kushughulika nayo. Hayo tunayahitaji na rumeti wangu asinicheke nikiomba ufadhili. Ila sitakwenda kama mtu ambaye kwao hakuna aliyewahi kuhesabu.

Jana Ijumaa dogo akaja kweli. Nikamwambia shule zipo, nikamtajia Bagamoyo na Kampala. Halafu nikamuuliza, harusi ya mwisho ulilipwa ngapi? Akakuna kichwa. Nauli, bando, mgao wa kaka mwenye simu? Hajui. Nikamnunulia daftari dukani, tukachora mistari pamoja: tarehe, kazi, kilicholipwa, deni, gharama, na nani anamiliki ile video baada ya hapo. Safu hii ya mwisho ilimtatiza, akaitazama muda mrefu bila kuandika kitu.

Kisha akanyanyua macho. "Sir, na hili daftari nianze kuliandika kama zawadi au kama deni?"

Nikakosa jibu tena. Nimemwambia Ijumaa ijayo.

Haya wadau, maandalio ya masomo yananisubiri na supavaiza anaweza kutokea siku yoyote. Rumeti, usiniguse godoro langu.