Nani Alimtambulisha Nani?

Nilipoacha chuo, karo imenishinda, kazi ya kwanza kunilisha ilikuwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mimi naandika, mwingine anaweka jina. Tangu hapo, nikipata albamu, naangalia kwanza jina la nani limeandikwa kubwa.

Ndivyo ilivyoninasa Introducing Hedzoleh Soundz ya 1973. Jina kubwa ni la Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini. Alitoka kwao 1960, mwaka wa mauaji ya Sharpeville, akasomea muziki New York, na 1968 wimbo wake Grazing in the Grass ukashika namba moja Marekani. Staa kabisa. Lakini alikuwa uhamishoni, na miaka ya sabini ilipoanza akarudi kuitafuta Afrika kupitia mlango wa magharibi. Fela Kuti ndiye aliyemkutanisha na Hedzoleh, bendi ya Ghana iliyokuwa chini ya Faisal Helwani. Hedzoleh, kwa lugha ya Kiga, ni uhuru.

Wakarekodi Lagos. Usikie basi: ngoma za Waga zinatangulia, gitaa la umeme linakwaruza juu yake, waimbaji wanaitikiana kama watu wanaovuta nyavu pwani. Tarumbeta inangoja. Ikiingia, inaingia kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Wanaosema Masekela aliwachanganyia hao vijana asili na usasa wananichekesha. Huo mchanganyiko aliukuta umeiva.

Ushahidi upo. Mwaka wa 2010 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa rekodi ambayo bendi ilifanya peke yake, kabla ya Masekela kujiunga nao. Nyimbo kadhaa ni zilezile.

Wakenya tunaijua stori ya aina hii. Malaika ilizunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba, aliyewahi kuwa mke wa huyu huyu Masekela, na mpaka leo tunabishana: ni ya Fadhili William ama Adam Salim?

Sitaki kumwonea mzee, lakini. Jina la bendi lilikaa kwenye albamu, tena ndilo kichwa chake, jambo ambalo hakuna mteja wangu aliwahi kunifanyia. Na mwaka uliofuata, kwenye I Am Not Afraid, wanamuziki wa Hedzoleh walikuwa naye aliporekodi Stimela, ule wimbo wa treni inayobeba watu kwenda migodini Afrika Kusini. Kwa hivyo kuna kitu walimpa ambacho New York haikuwa nacho.

Juzi usiku, stima zimepotea, nilizicheza hizo rekodi mbili kwa simu, moja baada ya nyingine. Kwenye ile ya bendi peke yake nilitega sikio nikitafuta pengo la tarumbeta. Sikulipata.